Swali la Ishirini na Saba

Jumatatu, 2 Septemba

Rasimu imekamilika! Kurasa mia moja arobaini na mbili. "Ubora wa Huduma ya Maji na Mpango Endelevu wa Miaka Ishirini." Kichwa kirefu, lakini Mkurugenzi anapenda vichwa virefu. Tumehoji kaya elfu moja na mia tisa kwa miezi mitatu, na mtu mmoja tu ofisini anajua kila namba imelala wapi. Mimi. Acha nijisifu humu, nje wataniambia nina maringo.

Ajabu ya mwaka: mtaa wa chini ya tuta la bwawa umeshika nafasi ya kwanza. Kuridhika 4.8 kati ya tano! Mtaa ule ule uliokuwa ukivuta mkia kila utafiti. Mkurugenzi ameshika tumbo kwa furaha. Jumatano ya wiki ijayo pampu mpya za kuingiza maji bwawani zinawashwa mbele ya wageni, na bwawa linajazwa hadi alama ya juu kwa mara ya kwanza tangu lijengwe. Wananchi wameridhika chini, maji yamejaa juu. Picha ya gazetini ameshaiona kichwani.

Dada anakaa huko, nyumba ya tatu kutoka tutani. Nimempigia simu kumpa habari. Akacheka: eti Bwana Asilimia, kumbe na mimi nimo kwenye hesabu zako!

Jumatano, 4 Septemba

Karani wa data kaja kuuliza masanduku ya fomu yaende stoo au yachomwe. Nikamwambia stoo. Hakuondoka. Akasema, mkuu, lile swali la mwisho hatukuliingiza, lakini watu wa chini ya tuta wameandika vichekesho.

Swali la ishirini na saba: "Maoni mengine." Ni kweli hatukuliingiza. Mimi ndiye niliyesema Juni lisiingizwe — maneno hayana wastani, nilisema, na chumba kizima kikacheka.

Akanisomea. "Bustani yangu siku hizi inajimwagilia yenyewe, asanteni sana." Tukacheka. "Vyura wamehamia jikoni kwangu na hawana mpango wa kuondoka." Tukacheka tena. Halafu nikatazama nje ya dirisha. Miti imepukutika, vumbi tupu, mvua hatujaiona tangu Aprili. Vyura wa nini?

Nimemwambia aniachie masanduku.

Alhamisi, 5 Septemba

Fomu mia mbili na kumi na moja za mtaa ule. Nimezisoma zote, moja moja, kwa macho yangu. Laiti nisingezisoma.

Nilichukua ramani na kalamu nyekundu. Kila aliyetaja unyevu, tope, vyura, sakafu baridi, nyasi kuota ukutani — nukta moja, na tarehe ya mahojiano. Juni: nyumba nne, zote zimeegemea tuta. Julai: kumi na moja. Agosti: thelathini na nane, na nukta zimefika hadi barabara ya shule. Doa linashuka. Majaribio ya pampu yalianza mwishoni mwa Mei. Bwawa lilipopanda, doa likaanza kutembea.

Na wote hao wamenipa tano! Kwa nini wasinipe? Maji hayakatiki. Yakikatika bombani, yanatoka uani. Mzee mmoja kaandika kwa herufi kubwa: HUDUMA IMETUFUATA HADI CHUMBANI.

Naogopa. Naliandika hapa kwa sababu ofisini sijui pa kulisema.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimempelekea Mkurugenzi ramani. Kaitazama kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe. Akauliza sampuli ni ngapi. Akauliza nani kazithibitisha hizo nukta. Akauliza kama kwenye mbinu za utafiti tuliandika kwamba maoni ya maneno yatachambuliwa. Hapana, hatukuandika. Basi siyo matokeo, akasema, hayo ni mazungumzo ya majirani.

Mtego nimeutega mwenyewe! Ni maneno yangu ya Juni, amenirudishia na sahani yake.

Nikamwambia dada yangu anakaa pale. Sikupaswa. Uso ukabadilika, akawa mpole kama daktari. Akanishauri nipumzike Jumamosi, eti kazi imekuwa nyingi, na mtafiti akianza kuingiza ndugu zake kwenye data anapotea. Ripoti inasomwa Jumanne kama ilivyo.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekwenda kwa Dada. Tangu mtaa wa juu unaliona tuta, kijani mbichi toka juu mpaka chini, wakati vilima vyote vimeungua kwa jua. Watoto wanateleza juu yake na maboksi. Pazuri. Ningekuwa mgeni ningepiga picha.

Dada ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba mbili za wageni, na uani kwake kamba zimepita kila upande, unatembea umeinama. Nyuma ya jiko ardhi ilifunguka Julai, maji yanatoka yenyewe. Kachimba kidogo, kazamisha pipa lisilo na kitako, basi, ana kisima. Nimechota kwa kiganja. Safi, baridi, hayana hata chembe. Tena kuna sauti. Ukinyamaza unaisikia chini ya pipa, kama mtu anayesukutua mdomo chumba cha pili.

Nikamwomba aje kwangu wiki moja tu. Akaniuliza kwangu kuna kamba ngapi za kuanikia. Nikasema moja. Akacheka mpaka akakaa chini. Miaka kumi na tisa alibeba ndoo kichwani, sasa maji yamekuja mlangoni na mdogo wake kaja kumwambia ayakimbie! Alinisukuma bega: umesoma sana wewe, kapumzike.

Alinilea tangu nina miaka sita. Sina mama mwingine. Nilirudi nyumbani peke yangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Leo Injinia wa bwawa. Nilimkuta karakana, mikono ina grisi hadi kwenye viwiko. Huyu hakunicheka. Aliiweka ramani juu ya injini akaipitia nukta kwa nukta, midomo ikihesabu.

Akasema kila tuta la udongo hutoa jasho, hata liwe la nani, ndiyo maana lina mifereji ya chini. Mifereji hiyo haijakaguliwa miaka minne, kila mwaka anaandika barua. Nikauliza, kwa hiyo? Akasema maji meupe hayamnyimi usingizi. Yakianza kutoka na rangi ya udongo, hapo tuta linabebwa kutoka ndani, punje kwa punje, na nje huoni kitu. Yametoka na rangi?

Nikasema jana yalikuwa safi kabisa.

Basi afadhali, akasema. Lakini hakurudi kwenye injini. Kaniomba nimwachie ramani, na akanipa namba yake ya simu, ile ya nyumbani.

Jumanne, 10 Septemba

Nimesoma ripoti mbele ya baraza zima la mipango. 4.8. Wamepiga makofi. Mjumbe mmoja kauliza siri ya mtaa ule ni nini.

Mkurugenzi alinitazama. Nikasema: uwekezaji endelevu.

Mwoga mimi! Mwoga.

Jumatano, 11 Septemba

Naandika uani kwa Dada, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Naandika ili kila kitu kiwe na saa yake.

Saa mbili asubuhi kanipigia simu, kafoka kabla ya salamu. Eti niwaambie wenzangu wa Mamlaka ya Maji kwamba maji yao yamemwaibisha! Kaloweka mashuka kumi na manane tangu alfajiri kwa maji ya kisimani, yametoka mekundu kama yamefukiwa. Nyumba ya wageni itamwelewaje? Alikuwa bado anaongea nami nimeshafika barabarani.

Nimekuja nikaona. Pipa lote limegeuka uji wa udongo. Na ile sauti haihitaji tena mtu anyamaze.

Nimempigia Injinia mara sita. Yuko juu ya tuta na wageni, hapokei. Muziki wa sherehe unasikika mpaka hapa. Nimempigia Mkurugenzi. Kapokea, kasema nisimharibie siku, kakata.

Nikaanza mlango kwa mlango. Tokeni, nawaombeni, pandeni mtaa wa juu, leo tu. Jirani wa kwanza kaniuliza naandikisha nini. Wa pili kaita wengine. Wakanizunguka, kama watu ishirini, wapole kwanza. Mama mmoja akasema, si wewe uliyekuja na makaratasi? Tulikujibu vizuri, tukakupa tano kila mahali. Kumbe mlikuwa mnapima viwanja vyetu! Mzee wa zile herufi kubwa akasema miaka yote mtaa ulipokuwa kame hakuna aliyetutaka, leo umekuwa kijani mnatuhamisha. Hatutoki.

Niliapa kwa kila ninachokijua. Mmoja kanivuta shati, kifungo kimeruka. Dada ndiye aliyeniokoa, kwa kelele tu, kamwambia amwache mtoto wake. Kisha akanigeukia mimi, chini kwa chini: na wewe acha kunitia aibu kwa majirani.

Saa nne na nusu. Injinia huyo anakuja! Anashuka tuta kwa mbio, suti ya sherehe, tai imetupwa begani. Kaona simu zangu. Hajamsalimia mtu. Watu wamempisha, huyu wanamjua.

Kapiga magoti kwenye tope. Kachota kwa kiganja, kasugua kwa kidole gumba. Dada anamwambia kuhusu mashuka; anachota tena.

Kampigia mtu wa pampu, kaweka sauti ya wazi, wote tusikie. Zima zote, sasa hivi. Yule kajibu kwa furaha tele, muziki nyuma yake: Injinia, nilikuwa nakutafuta, huenda kipimo kimeharibika. Pampu zote nne zinasukuma tangu saa moja na bwawa halijapanda hata kidole.

Mzee kageuka kulitazama tuta.

Injinia kaniuliza bila kugeuza kichwa, mtaa huu una watu wangapi. Swali langu hilo, nalijua kwa kichwa. Mia tisa sabini na watatu. Akauliza, wasioweza kutembea? Hilo hatukuwauliza.

Dada anaanua mashuka, bado mabichi, anayafunga furushi.