Uhuru wa Kitunguu

Kwa dada yangu Salvia, huko Praeneste,

Salamu tele. U mzima? Mgongo je, na yule mumeo mkoromaji? Mimi sijambo, ila magoti yamegoma. Hasira tu ndiyo inayonitembeza.

Dada, Roma nzima imesimama kwa ajili ya mchezo wangu! Haya, usinikazie macho. Ilisimama kunizomea. Mmoja alipaza sauti, "Babu, kalale!" akanirushia kokwa la zeituni.

Kosa si langu. Ni la Cossutius, mwenye kundi la waigizaji, yule shingo ya nguruwe. Mwisho nilioandika unaujua: Kitunguu, mtumwa mjanja, anamzidi akili bwana wake hadi anaachwa huru. Cossutius kaufuta bila kuniuliza! Kitunguu akachapwa, mchezo ukaisha. Nilipomfuata kumtukana, akaniambia eti mzee tulia, wakubwa wanakaa mbele, na uhuru hauchekeshi, fimbo ndiyo inayochekesha. Nikamuuliza kama keshaionja. Waigizaji wote wakaangua kicheko, kasoro yule anayeigiza Kitunguu, maana yeye ni mtumwa kweli.

Utani wa Kitunguu wote ni wa baba yetu, dada. Baba aliyekufa mtumwa, akingoja neno moja tu kwa bwana wake: huru. Mshenzi yule kamchapa baba mbele ya watu, na watu wakadhani mwisho ule nimeuandika mimi!

Sasa sikiliza, kisha barua hii uichome. Kesho yake, kwenye kafara ya Apolo, mungu mwenye sikukuu hii, nilijipenyeza hadi mbele ya mpiga zumari, nikawa natafuna zabibu mbichi huku nimekunja uso. Mate yakamjaa mdomoni. Zumari likakoroma kama mumeo, likanyamaza. Makuhani wakapiga kelele: zumari limekatika, ibada imeharibika, sikukuu irudiwe yote, michezo na kila kitu! Nikamwendea Cossutius kwa uso wa msiba, nikamnong'oneza kwamba labda Apolo hakupenda ule mwisho. Mtu anayeogopa hata kunguru! Aliurudisha palepale, neno kwa neno.

Tunacheza tena mwezi ukiandama. Msalimie mumeo, akiamka.

Nami nina ombi. Nilimlilia mama mkwe wako mazikoni hadi nikagaragara, na bibi yule hakuwahi kunikaribisha hata maji. Deni hilo, dada. Basi njoo ukae karibu na wakubwa, na Kitunguu akitamkiwa kuwa huru, nichekee kile kicheko cha baba, wakubwa wakisikie.

Kaka yako,
Vibius