Jogoo wa Mama Kituoni

Huruma, Eldoret,
Nyuma ya posho mill ya Njenga,
15 Machi 2026.

Mpendwa Mjomba Murunga,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi, ambako watu wa heshima tunavaa jaketi hata saa sita mchana. Vipi afya? Vipi lile goti? Na tumbo je, bado linatangulia kuingia mlangoni halafu wewe unafuata? Sisi ni wazima. Vumbi la Januari lilimsumbua Mama kifua, lakini amepona na sauti imerudi yote, majirani ni mashahidi.

Najua unasoma hii ukiwa umejifunga kikoi huko Kilifi, kalamu mkononi, unasahihisha Kiswahili changu. Wacha. Mimi nilitoka shule kidato cha pili nikiwa nimeshajua ya kutosha, na pikipiki yangu haijawahi kuniuliza cheti. Ningekupigia simu, lakini wewe ukisikia tu neno la kuja nyumbani, mtandao wa Kilifi unaharibika ghafla. Barua haikatiki.

Jambo lenyewe ni la dada yangu Nasike. Bado ako kwa kazi ya polisi, lakini wiki iliyopita nusura aipoteze, na sababu ni jogoo. Jogoo wa Mama. Tulia nikueleze.

Unakumbuka ulivyosema alipoenda kuandikwa, kwamba msichana hasomi chuo kikuu miaka yote hiyo akaishie kusimamisha matatu barabarani. Yalimkaa moyoni, Mjomba, nakwambia ukweli. Hukuona ile siku. Walikuwa wametangaza wanataka wenye digrii, ati kazi iende haraka na wananchi wasikalishwe bure, lakini uwanjani digrii haikimbii. Walitazamwa meno, wakatazamwa nyayo, halafu wakaambiwa wakimbie. Na unajua huku tunakimbia na watu gani. Kuna Chepkorir mmoja alitoka mbele kama amesahau kitu kwao. Wengi walimfuata wakazima njiani. Nasike alishika mwendo wake mwenyewe na akamaliza amesimama wima. Na nani alikuwa anamwamsha alfajiri kumkimbiza nyuma ya pikipiki? Mimi. Serikali haijanishukuru mpaka leo.

Sasa ako kituo kimoja hapa mjini, kwa kaunta. Mambo yamebadilika, hata wewe na ubishi wako ungekubali. Ukiingia unapewa kadi ya nambari, unakaa kwa benchi, unaitwa, shida yako inaandikwa kwa kompyuta, unaenda zako. Kuna sajenti mzee, Wanjohi, anayechapa kwa kidole kimoja kama mtu anayemkanya mtoto. Mwanzoni alikuwa akiwacheka hao wapya, anawaita maprofesa. Siku hizi printa ikigoma anamtafuta profesa mwenyewe mpaka kantini. Lakini Nasike bado ako kwa majaribio, na kuna bango kubwa ukutani: afisa akipokea zawadi, hata soda, kazi imeisha.

Mama hana habari ya bango. Jumanne aliniambia nimpeleke mjini. Akatoka amevaa gauni la kanisa, na kwapani jogoo, yule mwekundu anayefukuza hata mbwa. Nikamuuliza anamtembelea nani. Akasema anaenda kumshukuru mkubwa wa Nasike. Mjomba, wewe ni mtu wetu, unajua kwetu mtu wa maana hashukuriwi kwa maneno matupu. Nikasema sawa. Tukaenda watatu, jogoo katikati, na barabara nzima ilimwangalia yeye badala ya kuniangalia mimi na ile helmeti yangu mpya.

Tulipoingia, Mama hakuchukua kadi. Alienda moja kwa moja akamweka jogoo juu ya kaunta. Jogoo naye akapanda kompyuta ya Wanjohi, na nadhani alichapa haraka kuliko mwenyewe. Benchi yote ikacheka, isipokuwa watu wawili wa suti waliokuwa wamekuja kutoka Nairobi kukagua kazi inavyokwenda. Nasike aliwaona kabla yangu. Uso ulimbadilika.

"Mama," akasema polepole, "nyumbani mimi ni mtoto wako. Hapa siwezi kumpokea huyo jogoo."

"Sikukuletea wewe," Mama akajibu. "Niitie mkubwa wako."

Nilitaka kumvuta mkono tutoke. Unajua mimi ni mtu wa akili nyingi, lakini siku hiyo zote zilibaki kwa pikipiki. Watu wa suti walikuwa wameshatoa kalamu. Nasike hakulia, hakumgombeza Mama. Alimpa kadi ya nambari kama anavyompa mtu yeyote, akamwambia akae, ataitwa. Basi Mama akakaa, jogoo mapajani, amenuna. Mama mzazi anangoja zamu kwa mtoto aliyemnyonyesha.

Zamu ilipofika, mkubwa wa kituo, Madam Jepchumba, alitoka mwenyewe akauliza shida ni nini. Ndipo Mama akasimulia kitu ambacho hata mimi hajawahi kunisimulia. Kwamba mwaka ule wa fujo za uchaguzi, tulipokimbia kutoka Burnt Forest, tulilala nje ya kituo cha polisi, yeye na Nasike, na mimi nikiwa wa kunyonya. Wewe ulikuwa umeshaenda Pwani. Baridi ilikuwa kali, nikawa nimeacha hata kulia. Askari mmoja kijana akatoka, akanifunika na blanketi yake, akarudi kwa zamu akitetemeka. Asubuhi lori likatuchukua. Mama hakumuuliza jina. Tangu siku hiyo kila akipita polisi anatafuta ile sura, na sura yenyewe ameshaisahau. Sasa polisi wamempa mtoto wake kazi, akaona hawezi kunyamaza mara ya pili.

Madam akauliza blanketi ilikuwa rangi gani. Mama akasema ya kijivu, na mstari mwekundu. Madam akaangalia chini kidogo, akasema hata yeye alipoanza kazi alipewa ya namna hiyo.

"Basi Mama, asante imefika," akasema. "Nimeipokea kwa niaba yake. Jogoo sitampokea, na huyu msichana wako amefanya sawa kumkataa."

Akamsindikiza Mama mpaka kwa pikipiki. Watu wa suti waliandika mambo yao wakaenda, na Nasike akashinda hivyo bila kula, anangoja kuitwa. Jioni akaambiwa: walichosifu ni kaunta ambayo hata mama wa afisa anapanga laini. Kazi iko, Mjomba. Alipofika nyumbani alipiga magoti mbele ya Mama, na Mama akamwambia ainuke, anachafua nguo za serikali.

Sasa shida imebaki jogoo, ambaye tumempa jina Afande. Mama amekataa achinjwe hivi hivi. Anasema kuku wa shukrani ana mwenyewe, na firigisi ni ya mkubwa wa nyumba. Tangu Baba atangulie, mkubwa ni wewe. Mimi nilijitolea kuila kwa niaba yako, nikaonyeshwa mwiko.

Nasike ana mapumziko Pasaka. Hataki uombe radhi. Amesema anataka tu umwone mara moja akiwa amevaa zile nguo za kazi. Hayo ni maneno yake, nimeyaandika bila kuongeza chumvi. Kwa hivyo njoo. Goti ulilete, tumbo tutalitafutia kiti chake.

Msalimie sana Auntie Mildred. Mwambie mwanao Paul hata akinywa maji ya bahari yote bado nitamshinda mbio. Mama anakusalimu, na Afande anakusalimu kila alfajiri, jirani Njenga ameshalalamika.

Mungu aliyenifunika mimi usiku ule akufunike na wewe njiani, mpaka hapa mlangoni kwetu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kuliko hata firigisi,

Maurice Mabonga