Deraya ya Mama Gasketi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Nianze na habari mbichi: deraya, vazi la vita la mchezo wa jukwaani, imepita jaribio. Aliyesema hivyo ni kiongozi wa kikundi cha maigizo, yule wanayemwita Kamanda, na alisema jana alasiri mbele ya wote waliokuwa ukumbini. Mvaaji alipiga magoti, akanyanyua upanga juu ya kichwa, akainuka bila kushikwa mkono, na hakuna kiungo kilichochanika. Viungo vyote vya mpira vya vazi hilo vimetengenezwa na mama.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na wanangu, na kwamba kikohozi cha kitindamimba kimekwisha. Sisi hapa hatujambo. Mama anakula vizuri na ananiamrisha vizuri zaidi.

Katika barua yako uliniuliza swali moja, ukataka nijibu kama ninavyoandika gazetini, bila kumvisha mtu kilemba cha ukoka: je, mama bado anaiweza kazi, au uje na lori mwisho wa mwezi, ufunge karakana na umchukue akakae kwako? Mama anajua umeuliza. Barua yako nilimsomea mimi, maana alisema mikono yake ina gundi. Akasema hajakata gasketi za mpira za kuzibia pampu na injini maisha yake yote ili aende kuwekwa sebuleni kwa mtu kama jagi. Basi nikaamua likizo yangu yote nishinde karakanani niangalie. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kamanda alikuja na deraya ndani ya gunia. Mabamba yake ni ya sponji ngumu iliyopakwa rangi ya chuma, na ukisimama mbali kidogo unaweza kuapa ni chuma. Ubaya ulikuwa kwenye viungo. Kiwikoni, gotini, begani na shingoni mabamba yaliachana, shati la mvaaji likachungulia, na kila alipojikunja yalisuguana yakalia kama bawaba za mlango wa choo. Kamanda alikuwa ameziba nafasi hizo kwa vipande vya mpira alivyokata mwenyewe, vikachanika kwenye zoezi la kwanza. Alisema hii ikishindikana ataazima deraya ya kikundi kingine. Mama alimuuliza alipima vipi. Akajibu kwamba alimsimamisha mvaaji wima, mikono imenyooka. Mama akamwambia mikono iliyonyooka hivyo ni ya maiti, na maiti hahitaji gasketi.

Mvaaji ni mwoka mikate, bonge la mtu, jina lake la kikundini ni Kabati. Mama alimkalisha juu ya pipa lililopinduliwa, akamtaka akunje mkono hadi mwisho, kisha akazungusha uzi kwenye kiwiko na kufunga fundo pale mpira utakapoanzia na pale utakapoishia. Nyuma ya kiwiko uzi ulikuwa mrefu, ndani ulikuwa mfupi, na tofauti hiyo ndiyo Kamanda aliyoikosa. Kabati aliuliza kama abane tumbo. Mama akamwambia apumue kama anavyopumua akiwa mezani, maana hata huyo shujaa wa mchezo lazima alikuwa anakula.

Mpira aliutoa kwenye tyubu kuukuu za lori. Alichagua kwa kufinya, kwa kuviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, mara nyingine kwa kunusa. Kipande kimoja nilikiona kizima kabisa, yeye akakitupa. Nilikiokota nikakivuta, nikaona nyufa nyembamba kama nywele. Alikata mikanda akaipandanisha, kila mkanda umefunika ukingo wa mwenzake, na upande wa ndani wa kiungo akaipunguza ili isijirundike mkono ukikunjwa. Alisugua kwa msasa, akapaka gundi pande zote mbili, akangoja. Kamanda alitaka kubandika hapo hapo, mama akampiga kibao cha mkono na kumwambia gundi si chai, hainywewi ya moto. Kila baada ya muda aliigusa kwa mgongo wa kidole. Ilipoacha kunata ndipo akakandamiza, na haikuachia tena.

Kazi ya kuunganisha ndiyo iliyonifanya nisahau chai yangu. Ukingo wa juu wa kila kiungo aliufunga kwenye bamba kwa ribiti, vile vijisumari vya kugongwa ncha, kila ribiti na washa yake, kisahani chenye tundu, ili isikate mpira. Ukingo wa chini hakuufunga kabisa. Aliuingiza chini ya bamba lingine na kunyunyiza poda ya watoto, ili mpira uteleze Kabati anapojikunja na urudi anapojinyoosha. Kamanda yeye alikuwa amebana pande zote mbili. Mama alimweleza kwamba kiungo kikinyimwa nafasi ya kwenda, kitaitafuta chenyewe kwa kuchanika.

Nimeandika habari za viwanda na mafundi kwa miaka mingi na si mwepesi wa kushangaa. Mwanamke huyu amenishangaza, na ningesema hivyo hata kama asingekuwa mama yangu.

Sasa nikueleze lililobaki. Jana, Kabati alipoinuka, Kamanda alisifu kila kitu, kisha akasifu zaidi kiwiko cha kushoto. Alisema ule mstari mwekundu umekaa kama jeraha la vita, na ni wazo la mtu anayejua jukwaa. Niliangalia. Kati ya mikanda myeusi palikuwa na mmoja mwekundu, rangi ya tofali. Mama akajibu kwamba ndivyo alivyokusudia. Watu wakapiga makofi.

Mimi namjua mama, na rangi si mambo yake. Leo asubuhi nilimwekea mezani vipande viwili vya tyubu, cheusi na chekundu, nikamwomba anipe chekundu. Alivifinya vyote viwili. Akavinusa. Kisha akaviweka chini, akasema nimekuwa mwandishi wa habari hadi nyumbani.

Kaka, mama haoni. Jicho la kulia ni ukungu mtupu, la kushoto linamwonyesha mwanga na umbo la mtu, basi. Amesema ilianza kidogo kidogo, na amekuwa akitambua wateja kwa sauti na kwa vishindo vyao. Nilipomuuliza kwa nini alificha, alisema angetamka neno macho tu, wewe ungekuwa umeshawasha lori. Sikumbishia, maana ni kweli. Nilimwambia kwamba sitakuficha. Akasema niandike yote, ila deraya nianze nayo, maana ukianza na macho hutasoma mengine. Nimefanya alivyotaka.

Kwa hiyo jibu langu lina sehemu mbili. Kazi anaiweza; deraya ile imepitishwa na watu wasiojua lolote kuhusu macho yake. Kuona haoni, na asipotibiwa sijui huo mwanga uliobaki utadumu hadi lini. Mimi naona huenda ni mtoto wa jicho, lakini mimi si daktari. Usifunge karakana kabla daktari hajasema.

Msalimie sana wifi, na wanangu wape busu la shangazi. Mama anawasalimu wote.

Miadi ya kliniki ya macho ni Jumanne, saa tatu asubuhi, na nitakwenda naye. Onyesho ni Jumamosi jioni. Mama ameagiza uje kwa basi, uketi karibu naye umsimulie Kabati anavyopiga magoti, kwa sababu mimi, anasema, nasimulia kama taarifa ya habari.

Mdogo wako akupendaye