Mwizi wa Petroli Yuko Kwenye Kisosi

Kaka,

Pikipiki usiiguse, wala usiwashe jiko karibu nayo.

Hongera kwa upelelezi wako wa jana, uliponiita mwizi wa petroli mbele ya mama. Leo asubuhi nilikausha kabureta kwa kitambaa, nikatandaza gazeti chini yake, nikafungua koki ya tangi. Chai yangu haijapoa, gazeti limelowa chapachapa! Nimeitoa sindano ya ndani ya kabureta: imelika ncha, haizuii tena petroli.

Mwizi wako huyo hapo kwenye kisosi. Mhoji, ila usimpige, ni mdogo kuliko ukucha.

Nilikutungia na ubeti wa kejeli, nikauchana. Mama naye husoma.

~~Sirudi tena nyumba hii.~~ Narudi mchana na sindano mpya. Uniombe radhi mbele ya mama, kwa sauti ileile ya jana.

Mdogo wako