Bibi, Babu Anakuulizia

Shikamoo, Bibi. Huko uliko nadhani hakuna anayekuamkia kwa kelele kama mimi.

Hapa Dindira mvua imeshika, chai imechipua vizuri, na yule jogoo wako mkorofi tumemla. Usinune. Nimekukumbuka mno, Bibi.

Siku ya kukuzika nilitimiza wajibu wa mjukuu, nikakuigiza. Nilivaa kitenge chako, nikafunga kilemba, nikachechemea katikati ya waombolezaji nikiwafokea kwamba wananimalizia sukari. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Babu naye alicheka sana. Kisha akageuka, akauliza uko wapi, mbona hukuja kuona.

Tangu hapo anakuulizia kila asubuhi. Mwanzoni nilimwambia ukweli, na kila nikimwambia anafiwa upya, chai inapoa mbele yake. Nikashindwa. Sasa namwambia umeteremka Handeni, uko Chanika kwa dada Upendo, amejifungua na unamtunza. Upendo mwenyewe hana hata mimba.

Unakumbuka nikirudi likizo kutoka seminari? Ulikuwa unanikalisha jikoni, unanipakulia maharage, unasema, "Lete neno, mume wangu." Nami nakupa neno moja la Kilatini, unalicheka wiki nzima. Liko moja sikuwahi kukuletea. Kusema uongo Warumi waliita *mentiri*. Mwalimu wetu alitwambia ni dhambi, akaishia hapo. Majuzi nimefungua kamusi yangu ya zamani: wataalamu wanaona limetokana na *mens*, yaani akili. Huenda mwanzoni lilikuwa kubuni tu, kuwazia jambo ambalo halipo, na ubaya ukaja baadaye.

Nililifurahia neno hilo, Bibi. Akili ya Babu inapungua, basi nambunia kwa yangu. Lakini moyo haukutulia. Wewe ulituchapa kwa uongo mdogo kuliko huu, na niliogopa kwamba namdhulumu mzee wa watu haki ya kukulilia.

Jana akaniuliza tena, kwa utani wetu uleule, "Mke wetu yuko wapi?" Nikajibu, Chanika. Akanitazama, macho yake yakiwa yale ya zamani kabisa.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe mwongo."

Babu akasogeza kikombe chake karibu yangu, akaegemea ukuta.

"Haya, nambie tena. Huyo mtoto anafanana na nani?"

Nikamwambia anafanana na wewe. Akafumba macho, akatabasamu, akanywa chai yake yote.

Pumzika, mke wangu. Mtoto wa Chanika niachie mimi. Nakuahidi nitamlea kila asubuhi, aote meno, atambae, aanze kukuvuta kitenge, mpaka siku Babu atakapokuja kukuuliza mwenyewe.

Mumeo mdogo