Mota Haiingii Kwenye Gramafoni ya Si Tayeb

Mpendwa Bi Dalenda,

Mimi si mtu wa kuomba msaada ovyo, wanaonijua hapa Sfax watakwambia, lakini safari hii naomba, na nijibu humu humu gazetini ili mwanangu Rafik naye asome, maana nikimwambia mimi anasema ni uzee.

Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu, Bwana Tayeb, au Si Tayeb kama wanavyomwita hapa, alikuwa mwimbaji, na ujanani aliimba wimbo mmoja wa harusi ukatiwa kwenye santuri, na santuri hiyo imebaki moja tu, ninayo mimi, na tunaipiga kwenye gramafoni ya kutia ufunguo tuliyoikuta nyumbani kwao, na kila harusi yetu bi harusi anaporuka juu ya samaki kwa baraka, kama ilivyo desturi ya Sfax, sauti ya Tayeb ndiyo inayomrusha, na anayetia ufunguo ni mwanamke mkubwa wa nyumba, ndiyo maana hendeli yake naivaa kiunoni pamoja na funguo za stoo, kama alivyoivaa mama mkwe wangu mpaka aliponikabidhi.

Basi kiangazi kilichopita tulimwoza mpwa wangu, samaki kalazwa kwenye sinia na utepe wake, bi harusi kakunja gauni, nikatia ufunguo mpaka hendeli ikagoma, santuri ikaanza vizuri, mara ndani ya sanduku nikasikia du, du, kama mtu anapiga mlango kwa kiganja, na sauti ya mume wangu ikaanza kuzama, ikawa nzito, ikawa ya ng'ombe, bi harusi mguu mmoja hewani hajui atue au asitue, na watu wakacheka. Walimcheka Tayeb.

Tangu siku hiyo Rafik kanunua mota ya umeme, anasema, "Mama, springi imekufa, tuitoe tutie mota, wewe utabonyeza tu." Nikamwambia, "Akibonyeza mtoto wa jirani si itaimba vilevile? Sasa mimi nitakuwa nani humu ndani?" Mkewe Samia akasema, "Mama, huu si ukaidi tena, hii ni vita." Nikamwambia ndiyo, ni vita, na wewe uko upande gani?

Na asije mtu akaniambia sikuitunza. Kila Ijumaa baada ya kuskusi naifunua, naimiminia kwenye tundu la mkebe wa springi mafuta ya zeituni ya miti yetu wenyewe, ya mkamuo wa kwanza, hayo hayo niliyowapaka wanangu walipozaliwa na yaliyoponya masikio, magoti na bawaba za milango ya nyumba hii, kisha naijaza ufunguo mpaka mwisho ikae tayari wiki nzima, isije ikahitajika ikakutwa haina nguvu. Samia aliwahi kusema eti sanduku linanuka kama kinu cha zamani cha kukamulia zeituni. Nikamwambia pua isiyopenda mafuta isile mkate wangu.

Sasa anaolewa mjukuu wangu Olfa, mwezi huu huu, na Rafik kasema fundi wa mota anakuja. Nimelifungia sanduku chumbani kwangu na nimevuta kitanda mlangoni. Kinachoniuma ni kwamba kila Ijumaa ile sauti inazidi kuzama, na mimi Tayeb nilishamzika mara moja, sitaki kumsikia akifa kila wiki. Nifanyeje? Ila usiniambie nikubali mota, hilo sitalisoma.

Mongia wa Si Tayeb

*

Lalla Mongia, kwangu hutalisoma. Mota haiingii. Na wewe Rafik, najua unasoma maana mama yako atakuwa ameshalibandika gazeti kwenye friji, rudisha mota dukani. Springi haijafa. Springi iliyokatika hulia kishindo kimoja, kisha hendeli inazunguka bure mkononi. Hii ya kwenu imenaswa.

Sasa ni zamu yako, mama, kaa chini. Imenaswa na nini? Na mafuta yako. Najua umeshanuna. Nuna, lakini endelea kusoma. Mafuta ya zeituni ni ya mkate, ya magoti na ya mtoto mchanga, na mimi Msfax mwenzio siwezi kuyasema vibaya, lakini ndani ya mkebe wa chuma yanaganda yakawa gundi, kama yale yanayobaki kwenye shingo ya chupa. Springi ni utepe mrefu wa chuma uliojiviringisha, na unatakiwa ufunguke polepole, pindo likiteleza juu ya pindo. Mapindo ya springi yako yameshikana, na yakiachana yanaachana kwa nguvu, ndiyo hiyo du, du yako. Tayeb hafi, mama. Amekwama kwenye mafuta yako, na kila Ijumaa unamwongezea.

Na hili la kuijaza ufunguo ikakaa hivyo wiki nzima, nani alikufundisha? Wewe ungesimama na ndoo kichwani Ijumaa mpaka Ijumaa, eti mtu akiomba maji akukute tayari? Chuma nacho huchoka.

Fanya hivi. Iache gramafoni izunguke mpaka nguvu yote iishe. Mkebe wa springi usifunguliwe nyumbani, hata kama Rafik ana bisibisi, kwa sababu springi ikifyatuka inakata vidole. Ipeleke kwa fundi saa anayezijua saa kubwa za ukutani, na uende mwenyewe, ukae pale pale. Aitoe, aioshe kwa mafuta ya taa mpaka gundi yote itoke, aikaushe, aipake grisi ya springi. Akikuta imepasuka, atie nyingine ya upana ule ule. Si aibu, hata wewe nadhani meno yako si yote ya kuzaliwa nayo. Ikirudi, unatia ufunguo kabla ya kila wimbo, na mkono ukianza kuhisi uzito unaacha, hungoji hendeli igome. Wimbo ukiisha unaiacha izunguke mpaka ilegee, ndipo unaifunika. Ijumaa futa vumbi tu, na chupa ya mafuta ibaki jikoni.

Limebaki jambo gumu kuliko yote hayo. Samia alisema sanduku linanuka kinu, na alisema kweli. Pua yake ilijua kabla yetu sote, nawe ukamnyima mkate. Kabla ya harusi utamwambia kwa mdomo wako, "Samia, ulinusa sawa." Ni maneno matatu, hayaui mtu.

Siku ya Olfa simama wewe. Wale waliocheka wakalishe mbele, na hendeli itoe kiunoni taratibu waione. Tayeb ataimba kwa sauti yake mwenyewe mpaka mtoto aruke samaki na kutua. Na Samia, kama aliyapokea maneno yako kwa adabu, mwachie mizunguko ya mwisho ya hendeli. Kama alicheka, hendeli irudi kiunoni, angoje bi harusi mwingine.