Bawa la Kushoto

Kitindamimba wangu,

Natumaini mguu umepungua kuvimba na shangazi yako hakulazimishi uji. Hapa paka amezaa ndani ya kikapu changu cha vitambaa, kwa hiyo nashonea sakafuni.

Jana nilikwenda kuivalisha maturubai mapya ya kufunikia mabawa ile ndege isiyo na injini iliyokuangusha. Bawa la kulia liliingia vizuri. La kushoto turubai likafanya mikunjo, na yote nimekata kwa kipimo kimoja! Nikamwita fundi wa ndege. Akaning'iniza mfuko wa mchanga kwenye ncha ya kila bawa, mimi nikapima kwa utepe wangu. La kulia lilishuka inchi mbili. La kushoto sita!

Fundi akasema, "Mama, hili limelegea ndani. Ukikata kona polepole linapinda na kujisokota, hewa inaliachia kabla ya mwenzake. Upande huo unadondoka, ndege inazunguka kama pia."

Nikamfuata mwalimu wako wa kurusha ndege. Eti, "Mama, wewe shona. Binti yako aliogopa tu." Nikamwambia, "Utepe hauna woga, njoo upime!" Hakuja.

Na huyohuyo amekutumia karatasi ukiri kosa ni lako! Usitie saini, mwanangu. Mimi sikupenda uruke, na bado sipendi. Upepo ukivuma tu natoka nje kutazama angani. Lakini ukiacha, uache kwa kutaka mwenyewe.

Lile bawa nimelishona ndani ya turubai lake, uzi mara mbili, asije akarushwa mtoto wa mwenzangu. Anayetaka kulifumua aje kwangu kwanza.

Mimi mama yako, niliyekasirika na nisiyelala.